Namna ya Kupata Mameneja Watakaodumu katika Ligi ya Besiboli ya Mtandaoni

Ligi ya besiboli ya kubuni haikosi wachezaji, kwa sababu wachezaji wake huzaliwa ndani ya programu ya kompyuta, huzeeka humo na hustaafu humo bila kudai nauli wala posho. Kinachoiua ni uhaba wa mameneja. Timu mbili zikikaa bila mtu, mameneja waliobaki huanza kuona kwamba wanashindana na kompyuta badala ya wenzao. Zikifika nne, hata wenye bidii hulegea, na msimu huishia njiani. Mwongozo huu unamlenga mtu aliyeko Unguja au Pemba ambaye ameanzisha ligi ya namna hiyo au amekabidhiwa, na ambaye amezungukwa na mashabiki wa mpira wa miguu ambao wengi wao hawajawahi kuona mechi nzima ya besiboli. Ninachoshikilia ni kwamba ujuzi wa besiboli hufundishika katika wiki chache, lakini tabia ya kutimiza ahadi mtu huja nayo kutoka kwao. Itafute tabia hiyo kwanza, na wewe nawe uwe mkweli kuhusu timu unayomkabidhi.

Ielewe kazi kabla hujamwita mtu

Ligi nyingi za aina hii huendeshwa kwa programu ya Out of the Park Baseball, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999 na ambayo hutolewa upya kila mwaka. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Msimamizi anatunza faili kuu la ligi na kuliweka mahali ambapo kila meneja anaweza kulipakua. Meneja anapanga mfuatano wa wapigaji, zamu ya warushaji (wale wanaomrushia mpigaji mpira), mikataba na wachezaji wa akiba, kisha anawasilisha faili la timu yake kabla ya saa ya mwisho. Msimamizi anakusanya mafaili yote, anaiachia programu ichezeshe mechi za siku kadhaa, na kurudisha matokeo kwa wote. Meneja asipowasilisha faili, timu yake hucheza kwa mipango ya zamani, na mrushaji aliyeumia au mpigaji aliyepoteza makali anaweza kubaki katika mpangilio usiomfaa.

Kutokana na utaratibu huo kuna mambo ambayo lazima umwambie mgeni mapema, hata kama yatamfanya akatae. La kwanza ni kwamba kazi hii inataka kompyuta. Wengi wetu tuna simu tu, na kumkubali mtu kwa moyo mzuri huku ukijua kwamba ataazima kompyuta ya ofisini kila wiki ni kumtafutia aibu mbele ya wenzake. La pili ni kwamba mameneja wote wanapaswa kuwa na toleo lilelile la programu linalotumiwa na ligi, na kwamba kulinunua ni gharama. Ligi inapohamia toleo jipya ndipo mameneja wengi huaga, kwa hiyo msimamizi mwenye busara hukubaliana na wenzake kukaa na toleo moja kwa miaka miwili au mitatu, na humweleza mgeni ni lini gharama nyingine itamfikia.

La tatu ni saa. Kama ligi yako ina watu wa ng'ambo, saa ya mwisho iandike kwa namna isiyoweza kusomwa vibaya. Saa tatu usiku ya Zanzibar ni 21:00 katika maandishi, yaani 18:00 kwa saa za UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), na kwetu haibadiliki mwaka mzima. New York hubadilisha saa zake, kwa hiyo aliyeko huko atatakiwa awe amewasilisha faili kabla ya saa saba mchana wakati wa baridi na kabla ya saa nane mchana wakati wa kiangazi. Aliyeko Muscat itakuwa ni saa nne usiku, na aliyeko Tokyo itakuwa ni saa tisa usiku wa manane, naye huyo inafaa umwambie wazi kwamba afadhali awasilishe kabla ya kulala. Mgeni akikosa faili lake la kwanza kwa sababu ya kuchanganya saa, huanza uanachama wake akiwa na kinyongo ambacho kingeepukika kwa mstari mmoja wa maelezo.

Pa kuwatafuta

Watu wengi wakianza kutafuta mameneja hukimbilia makundi ya mchezo wa kubuni wa Ligi Kuu ya England, kwa kuwa huko kuna maelfu ya watu waliozoea kupanga timu mtandaoni. Si mahali pabaya, lakini pana kasoro moja kubwa: mchezo ule unamruhusu mtu kuacha timu yake mwezi wa pili wa msimu bila kumdhuru yeyote, na wengi huacha. Katika ligi yetu aliyeacha anawaumiza wote. Kwa hiyo ukiingia katika makundi hayo, usimtazame anayeongoza jedwali. Mtazame aliye nafasi ya chini kabisa ambaye, msimu ukikaribia kwisha, bado anabadilisha kikosi chake kila wiki. Huyo ndiye mtu wako, na kwa kawaida hakuna aliyewahi kumsifu, kwa hiyo mwaliko wako atauthamini.

Mahali ninapopapenda zaidi ni maskani na baraza. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, na katika maskani nyingi za eneo la Ng'ambo na za miji ya Pemba, kuna watu wanaocheza bao na dhumna kila jioni, na miongoni mwao kuna aina mbili zinazofaa. Ya kwanza ni mchezaji wa bao anayehesabu kete mbali, kwa sababu kujenga timu ya besiboli kwa misimu mitatu kunataka akili ya namna ile ya kukubali kuliwa leo ili kupata nafasi baadaye. Ya pili, ambayo naiona bora kuliko ya kwanza, ni yule anayeandika matokeo ya mashindano ya maskani katika daftari bila kulipwa na bila kuagizwa. Besiboli ni mchezo wa kuandikwa. Kila mrusho na kila pigo lina mahali pake katika jedwali, na mtu anayefurahia kujaza daftari ataipenda hata kabla hajaelewa kwa nini mrushaji anayeanza mechi hupumzishwa siku nne au tano baada ya mechi hiyo.

Makatibu wa klabu ndogo za mitaani, makarani wa hesabu na walimu wa michezo wa skuli wamo katika kundi hilohilo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar pale Tunguu na wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni, wana kompyuta na wana udadisi. Kasoro yao ni mitihani na likizo, ambazo huondoa watu watano kwa mkupuo mmoja kama umewachukua wote kutoka darasa moja. Chukua wawili, si watano. Tanzania Bara pia kuna vijana waliowahi kushika gongo kwa mikono yao, kwa kuwa Sekondari ya Azania ya Dar es Salaam ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japan, na kijana aliyecheza kweli huipa ligi uzito mbele ya wageni wengine.

Usiwasahau jamaa walioko nje. Mzanzibari aliyekaa Toronto, mji wa timu ya Blue Jays iliyotwaa ubingwa mwaka 1992 na 1993, huenda ameuzoea mchezo huu kazini na kwa majirani bila kupata mtu wa kuuzungumza naye kwa Kiswahili. Mwaliko wa ligi humpa sababu ya kuzungumza na nyumbani kila wiki.

Kuhusu akina dada, sema nao moja kwa moja na kwa heshima ileile. Ligi nyingi hukosa mameneja wanawake kwa sababu tu hakuna aliyewaalika. Mwaliko uwe wa wazi, mawasiliano yafanyike katika kundi la wote na si faraghani usiku, na kama mgeni ni mwanafunzi wa skuli, awe mvulana au msichana, mzazi wake aarifiwe kwanza.

Mwaliko wenyewe

Tangazo la jumla lisemalo kwamba nafasi zipo na karibuni wote huleta watu wengi kwa wiki moja na wachache sana kwa msimu mzima. Mwaliko unaofaa huandikwa kwa mtu mmoja, hueleza timu moja, na huonyesha kwa nini umemfikiria yeye. Tuseme timu ya Mkoani, Pemba, imebaki wazi na umemwona mwalimu mmoja anayefaa. Unaweza kumwandikia hivi:

“Assalamu alaykum, Maalim. Ninasimamia ligi ya besiboli ya kubuni yenye timu kumi na mbili, inayochezwa kwa kompyuta. Timu yetu ya Mkoani haina meneja tangu mwenzetu aliyekuwa nayo alipopata kazi ya zamu za usiku. Nisikufiche, msimu uliopita ilishika nafasi ya kumi na moja, warushaji wake wawili bora wamepita miaka 33, na mkataba wa mpigaji mmoja utaibana bajeti kwa misimu miwili zaidi. Ina vijana watatu wazuri katika kikosi cha akiba. Kazi ni kuwasilisha faili Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kabla ya saa tatu usiku. Hakuna fedha inayowekwa wala inayoshindaniwa. Nimekufikiria wewe kwa sababu nimeona ratiba ya bonanza la skuli ulivyoipanga na kuisimamia mpaka siku ya mwisho. Ukipenda, njoo Jumapili baada ya alasiri tuitazame timu pamoja, na ukiona haikufai hakuna lawama.”

Sentensi inayohusu fedha isikosekane kamwe. Katika visiwa vyetu, mtu akisikia ligi, mtandao na utabiri wa matokeo vikitajwa pamoja, hufikiria kamari, na watu wa nyumbani kwake watafikiria hivyo kabla yake. Kama kuna mchango wa kulipia hifadhi ya mafaili, utaje kwa kiasi chake na utumike kwa hilo tu, na mshindi asipewe hata shilingi moja katika mchango huo. Kwa imani yangu, zawadi za fedha zinaharibu ligi hata pasipokuwa na swali la dini, kwa sababu aliyekosa matumaini ya zawadi huondoka mapema.

Tazama pia siku zilizotajwa katika barua hiyo. Ijumaa imeachwa kwa makusudi. Ratiba isiyogongana na sala, na mambo ya kifamilia yanayofuata siku ile, huonyesha kwamba msimamizi anawajua watu wake.

Mazungumzo ya kwanza

Mgeni akikubali kuzungumza, usimpe mtihani wa besiboli. Swali la kanuni za mchezo humfanya mtu mwenye haya aondoke na mwenye maneno mengi akae, ilhali unamtaka wa kwanza. Muulize wiki yake ilivyo: siku zipi hana kompyuta, siku zipi yuko shambani au safarini, bando lake huisha lini. Muulize umeme ukikatika na saa ya mwisho inakaribia, atamwarifu nani na kwa njia gani. Muulize kama amewahi kubaki katika timu, kikundi au kamati iliyokuwa inashindwa, na alibaki kwa sababu gani. Jibu la swali hilo la mwisho lisikilize kwa makini kuliko yote. Mtu akikusimulia jinsi alivyoendelea kuwa katibu wa klabu iliyoshuka daraja, akafuatilia jezi na madeni mpaka mambo yakatengemaa, usiendelee kumhoji, mpe timu.

Baada ya kumsikiliza, mweleze jambo ambalo shabiki wa mpira wa miguu hawezi kulijua mwenyewe, nalo ni kiasi cha kushindwa kilichomo katika mchezo huu. Arsenal ilimaliza msimu wa 2003/04 wa Ligi Kuu ya England bila kupoteza hata moja kati ya mechi zake 38, na kwa mtu aliyelelewa na kumbukumbu hiyo, timu nzuri ni timu isiyopoteza mechi. Katika besiboli hakuna kitu cha namna hiyo. Kila timu ya ligi kuu ya Marekani hucheza mechi 162 kwa msimu. Seattle Mariners ya mwaka 2001 ilishinda mechi 116, sawa na rekodi ya Chicago Cubs ya mwaka 1906, na bado ilipoteza mechi 46, kisha ikatolewa kabla ya kufika fainali. Mpigaji anayepata pigo safi mara tatu katika kila majaribio kumi huhesabiwa kuwa hodari, ingawa ameshindwa mara saba.

Mgeni asiyeambiwa haya atafungua matokeo ya wiki yake ya kwanza, ataona ameshinda mechi tatu na kupoteza nne, na ataamini kwamba ameiharibu timu. Ataanza kubadilisha kila kitu, matokeo yatazidi kuwa mabaya, na mwezi wa pili hutamwona. Aliyeambiwa atajua kwamba wiki moja haisemi lolote, na kwamba timu hupimwa kwa mechi hamsini au mia. Dakika kumi za maelezo haya zinazuia watu wengi zaidi kuondoka kuliko zawadi au maneno matamu.

Timu utakayompa

Hapa ndipo wasimamizi wengi hupoteza imani ya watu. Timu inayobaki wazi mara nyingi ni mbovu, kwa kuwa meneja aliyetangulia aliiacha ilipoanza kuoza, na huenda katika wiki zake za mwisho aliwatoa chipukizi wake ili kununua ushindi ambao haukuja. Msimamizi mwenye haraka huificha hali hiyo kwa kusema kwamba timu ina uwezo mkubwa. Mgeni atagundua ukweli siku ya kwanza atakapofungua ukurasa wa mikataba, na tangu hapo kila neno lako atalipima mara mbili.

Mwonyeshe mambo matatu kwa takwimu za timu yenyewe: fedha zilizokwishafungwa katika mikataba ya misimu ijayo, umri wa warushaji, na ubora wa vijana walioko katika vikosi vya chini. Warushaji nimewataja peke yao kwa sababu wao ndio huumia zaidi na hushuka ghafla, na timu yenye wapigaji vijana lakini warushaji wazee inaweza kuonekana nzuri Aprili na kuanguka Agosti. Kisha mwambie kwa ukadiriaji wako itachukua misimu mingapi kusimama. Mfano wa kweli utamsaidia. Chicago Cubs ilipoteza mechi 101 mwaka 2012 ilipokuwa inajengwa upya kwa wachezaji vijana, na mwaka 2016 ikatwaa ubingwa ambao haikuwa imeupata tangu 1908. Meneja anayeambiwa kwamba anaanza na mwaka wa namna ile wa 2012 huweza kuufurahia, kwa kuwa kila kijana anayepanda ni ushindi wake. Meneja aliyeahidiwa mwaka wa 2016 akakuta wa 2012 huona ametapeliwa.

Inapowezekana, mpe nafasi ya kuchagua kati ya timu mbili, moja ikiwa ya wastani na yenye wachezaji wazee, nyingine ikiwa mbaya na yenye vijana. Uchaguzi wake utakufunulia subira yake, na mtu huilea timu aliyoichagua kuliko aliyopachikwa. Kama kanuni za ligi yako zinaipa timu ya mwisho haki ya kuchagua kwanza miongoni mwa chipukizi wa msimu mpya, mweleze haki hiyo waziwazi, kwa sababu hiyo ndiyo mali kubwa aliyonayo aliye mkiani.

Timu nzuri ikibaki wazi, usimpe rafiki yako au jamaa yako kwa mlango wa nyuma. Watangazie kwanza mameneja waliomo, ili aliyevumilia timu mbovu kwa misimu kadhaa apate nafasi ya kuhama kama anataka, kisha mgeni apewe itakayobaki. Mara nyingi waliomo hukataa kuhama, kwa kuwa wamekwisha kuzipenda timu zao, lakini kuulizwa kwenyewe kunawaonyesha kwamba wanathaminiwa.

Kuna hali mbili ninazoziona hazitajwi vya kutosha. Ya kwanza ni kuwajaza wageni wote katika kundi moja la timu ndani ya ligi. Ukiwa na timu tatu zilizo wazi katika kundi moja na ukazigawa kwa watu watatu wasiojua mchezo, meneja mkongwe wa kundi hilo ataongoza misimu miwili bila kutoa jasho, na makundi mengine yatanung'unika kwa haki. Afadhali uhamishe timu moja au mbili kundi lingine msimu ukiisha, kabla ya kuwapokea. Ya pili ni kuwa na timu nyingi kuliko watu. Kama kwa miezi mitatu umetafuta na bado timu nne kati ya kumi na sita hazina mtu, punguza ligi ibaki na timu kumi na mbili. Ligi ya watu kumi na wawili walio hai ni tamu kuliko ya kumi na sita yenye makaburi manne.

Wiki za mwanzo

Siku ya makabidhiano, mpe mgeni ukurasa mmoja ulioandikwa na meneja aliyetangulia, au na wewe kama aliyetangulia hapatikani, ukieleza nani ameumia, mkataba wa nani unakwisha, na kama kuna ahadi yoyote ya kubadilishana wachezaji iliyokuwa inazungumzwa. Ahadi za mdomo za meneja aliyeondoka zisimfunge mrithi wake, na jambo hilo litangazwe kwa wote ili asije mtu kumdai mchezaji kwa madai kwamba walikubaliana na mwenye timu wa zamani.

Mwekee mkongwe mmoja wa kumshika mkono, na mkongwe huyo atoke kundi lingine, ili ushauri wake usiwe na maslahi ndani yake. Katika mwezi wake wa kwanza ndani ya ligi, mgeni asibadilishane wachezaji mpaka mshauri wake ameyatazama mapatano. Kanuni hii ina watu wanaoipinga kwa kusema kwamba kila mtu mzima anajua biashara yake, lakini nimeona mara nyingi jinsi wakongwe wanavyomkimbilia mgeni kwa salamu nyingi siku ileile anapoingia, wakimtaka yule kijana mmoja ambaye thamani yake bado hajaijua. Kwa timu zinazoshikiliwa na kompyuta kwa muda, kataza kabisa kubadilishana, kwa sababu kompyuta hudanganyika kirahisi, na atakayeilipa hasara hiyo ni meneja utakayempata kesho.

Mgeni asiye na uhakika anaweza kwanza kuwa meneja msaidizi kwa wiki tatu au nne. Hapo hata aliye na simu tu ana nafasi, kwa kuwa anaweza kusoma ripoti na kushauriana na meneja mwenye kompyuta. Mafaili yakiwasilishwa kwa wakati mfululizo chini ya uangalizi wake, mgeni aliye na kompyuta yake atakuwa amejithibitisha zaidi kuliko kwa maneno yoyote.

Kalenda ya visiwani iingie katika kanuni tangu mwanzo, isiwe jambo la kuombewa ruhusa. Wakati wa Ramadhani saa tatu usiku watu wako msikitini katika tarawehe, kwa hiyo sogeza saa ya mwisho mpaka saa tano usiku au punguza michezo iwe mara moja kwa wiki. Msimu wa karafuu, meneja wa Wete au wa Konde anaweza kuwa shambani tangu alfajiri na kurudi hana nguvu ya kufungua kompyuta. Mruhusu aache maelekezo ya wiki nzima kwako kwa maandishi. Kuhusu umeme, Unguja inautegemea waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na wenye umri wa kutosha wanakumbuka jinsi kisiwa kilivyokaa gizani karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Hitilafu ndogo hutokea mara kwa mara, kwa hiyo kanuni iseme kwamba ujumbe mmoja wa simu kabla ya saa ya mwisho unatosha kumhesabu meneja kuwa amehudhuria.

Anapokosa, na orodha ya akiba

Weka idadi ya makosa inayofahamika na wote. Ninapendekeza mafaili matatu mfululizo bila taarifa. Lakini likikosekana la pili, mpigie simu. Ujumbe wa maandishi kwa mtu aliyechelewa husomeka kama karipio, na simu ya sauti humpa nafasi ya kusema kwamba ana msiba, ana mgonjwa, au kompyuta imeharibika. Anayekuambia kwamba amechoka, mshukuru, mwombe aandike ule ukurasa mmoja wa makabidhiano, na umuage kwa heshima mbele ya wenzake. Aliyeagwa vizuri mara nyingi hurudi msimu mwingine, au hukuletea ndugu yake.

Orodha ya akiba ni kazi ya mwaka mzima. Uwe na watu wawili au watatu ambao wamekwisha kuzungumza nawe, wana kompyuta, na wanapokea matokeo ya ligi kila wiki ingawa hawana timu. Waulize kila msimu unapokwisha kama bado wanataka nafasi na kama toleo la programu tunalolitumia wanaweza kulipata. Anayejibu ndani ya siku mbili mpandishe juu ya orodha. Asiyejibu mara mbili mfululizo mwondoe bila kinyongo, na umjulishe kwamba akitaka kurudi ataanza tena na mazungumzo ya kwanza, kama mgeni mwingine yeyote.